Volti Kumi na Mbili

Katika kundi la Mafundi wa Sebuleni, lililoishi ndani ya simu za watu ishirini na saba, hakuna aliyeitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Waliitana kwa tabia. Alikuwamo Kapasita, karani wa stoo ambaye hata taa ya baiskeli ikizimika, yeye husema badilisheni kapasita, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme. Alikuwamo Nesi, ambaye alikuwa nesi kweli, na vidole vyake vilivyozoea kutafuta mishipa ya damu viliweza kulehemu waya mwembamba kama unywele. Na juu yao wote, kama mwenyekiti asiyepigiwa kura na mtu, alikaa Pima Kwanza.

Pima Kwanza alikuwa fundi simu mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja alipanda nguzo na kuingia mashimoni, na alipostaafu akahamia chumba cha nyuma, kile ambacho mkewe alikuwa amekiwekea nia kiwe chumba cha wageni. Wageni walikosa chumba. Humo mlijaa meza ndefu yenye madoa ya kuungua, taa ya shingo ya kukunja, makopo ya maziwa yaliyojaa skrubu, na mita ya njano ya kupimia umeme, kuukuu, yenye plasta ya kidonda kwenye pembe ya kioo tangu siku ilipoanguka sakafuni ikapata ufa.

Jina lake alilipata kwa haki. Mtu akiandika kundini, “Jamani, feni yangu haizunguki, nibadilishe nini?” jibu hutua kabla wengine hawajavaa miwani: Pima kwanza. Mtu akijitetea kwamba amepima, hushushiwa la pili: “Na mita yenyewe umeipima? Chukua betri mpya ya saa ya ukutani. Mita ikisema volti moja na nusu na chenga kidogo, endelea. Ikisema kingine, mita yako ni mwongo, iweke chini.” Nesi aliuandika ushauri huo kwenye karatasi akaubandika juu ya meza yake. Kapasita aliusoma, akausifu, akaenda kubadilisha kapasita.

Alhamisi moja, saa mbili asubuhi, mke wa Pima Kwanza aliingia chumba cha nyuma bila kubisha. Hiyo peke yake ilikuwa habari, maana mama huyo alikuwa amesusa kuingia humo kwa miezi mitatu.

“Baba watoto, mashine imezimika. Mayai yanapoa.”

Mzee aliweka kikombe chini, chai ikamwagikia mkono, na hakuisikia.

Inafaa kusema mayai hayo yalikuwa ya nini, kwa sababu hayakuwa ya kuliwa wala ya kuuzwa. Yalikuwa mayai arobaini ndani ya mashine ya kuangulia ambayo mzee mwenyewe aliiunda kwa mbao za kabati bovu, balbu nne za kutia joto, feni ndogo na bodi ya kuongozea joto. Siku ile ilikuwa ya kumi na nane. Jumapili ingekuwa ya ishirini na moja, vifaranga watoke. Na Jumapili hiyo binti yao wa pekee alikuwa amekubali kuja na mumewe na mtoto wao, waje waone. Walikuwa hawajatia mguu mle ndani kwa miezi mitatu.

Kisa cha hiyo miezi mitatu kilianzia mezani pa mzee, na kosa lilikuwa lake, ingawa siku hiyo hakulijua.

Binti aliolewa na mwoka mikate. Kijana mpole, mwenye mikono mikubwa yenye harufu ya hamira hata siku ya mapumziko. Kwa miaka minne alikuja kuwaamkia wakwe zake, akakaa kwenye ncha ya kochi, akasema “ndiyo baba” na “hapana baba” mpaka chai ikapoa. Hawakuwa na la kuzungumza. Mmoja hakujua unga, mwingine hakujua waya. Mwisho mwokaji akakata shauri kumfuata mkwewe kule alikoweka roho yake. Akajiunga na kundi, akanunua mita ya bei rahisi na chuma cha kulehemu, na kwa miezi sita, kila baada ya kutoa mikate ya mwisho tanurini, alijifungia kwenye stoo ya unga akajifunza kimyakimya, akiunguza vidole ambavyo tanuri lenyewe lilikuwa limeviacha.

Jumapili moja akaja na kopo la bati la biskuti. Ndani yake alikuwa ameunda boksi la umeme, la kuushusha umeme wa ukutani mpaka volti kumi na mbili. Alilipiga rangi ya kijani. “Nimekutengenezea, baba,” alisema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyowahi kumwambia.

Pima Kwanza alifurahi. Lazima hili lisemwe, maana lilikuwa kweli: alifurahi mpaka akakosa la kusema, na mzee huyu akikosa la kusema hushika mita. Akapima. Mita ikaandika kumi na tatu nukta tisa.

“Hili linatakiwa kutoa ngapi?”

“Kumi na mbili, baba.”

“Linatoa karibu kumi na nne. Ungeniunguzia kila kilichomo humu. Mkwe, unalehemu kama mtu anayepaka siagi!”

Akacheka peke yake. Angeishia hapo, yangekuwa mambo ya nyumbani, yangesahaulika kabla ya chakula. Lakini alichukua karatasi, akaandika kwa kalamu nene HATARI, USITUMIE, akaibandika juu ya kopo la kijani, akalipiga picha sambamba na mita, akaitupia kundini: “Mfano wa kazi isiyopimwa.” Watu wakaangua vicheko vya kwenye simu, vile vya sura za njano zinazotoka machozi. Mwokaji naye alicheka, kama mtu aliyekanyagwa kidole akiwa mbele ya wageni. Alilikumbatia kopo lake, akaaga kwa adabu zote, na jioni ile ile akajitoa kundini. Tangu hapo kila wakialikwa, mara kazi, mara mtoto ana mafua, mara mvua.

Mama hakugombana na mumewe. Alisusa chumba cha nyuma, basi. Kisha akakusanya mayai arobaini, akampigia binti yake. “Mlete mjukuu wangu aone vifaranga wakitoka. Na mumeo aje.” “Mama, wakitoka kweli tutakuja.” Kila siku tangu hapo mama aliyageuza mayai mara tatu kwa mkono, akiyasemesha. Mzee alimsikia kupitia ukutani na alijua fika anaombea nini, ila alijitia hamnazo.

Sasa mashine, iliyokaa chumba cha pili, ilikuwa imezimika. Mama alileta mablanketi mawili na chupa za maji ya moto, akaifunika kama mgonjwa wa homa.

“Yatavumilia?” aliuliza mzee.

“Kwa muda wa saa tano au sita. Yakizidi hapo sijui.”

Mzee akafungua pembeni mwa mashine. Feni ilikuwa inazunguka. Bodi ilikuwa hai, kitaa chake chekundu kikipepesa. Rilei, ile swichi ndogo inayojiwasha na kujizima yenyewe ili kuzilisha balbu umeme, ililia tik, ikanyamaza, ikalia tik tena. Balbu zote nne giza. Aliisikia ile tik. Mtu mwingine angeifuata. Lakini yeye alikuwa Pima Kwanza, na kanuni yake ni kuanza pale umeme unapoingia. Akagusisha ncha za mita kwenye boksi la umeme alilolijenga kwa mkono wake miaka minane nyuma, boksi ambalo halijawahi kumwangusha.

Kumi na nne nukta nane.

“Nimemshika mwizi!” alisema kwa sauti. “Kidhibiti kimekufa.”

Kidhibiti ni kijidude cha miguu mitatu, kazi yake kuushika umeme usivuke volti kumi na mbili. Mzee alikuwa navyo pakiti nzima. Akalichomoa boksi, akalifungua, akawasha chuma cha kulehemu, akatoa kidhibiti cha zamani, akatia kipya, akapima. Kumi na nne nukta nane. Akasonya. Akatoa, akatia cha pili. Kumi na nne nukta nane. Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo.

Hapo akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kundi lianzishwe. Aliomba ushauri. Alieleza yote kwa kifupi, akaweka picha, akangoja.

“Kapasita,” aliandika Kapasita. “Lile kubwa. Mimi ninazo, nipo stoo, nikuletee?”

“Vidhibiti vya siku hizi vyote bandia,” aliandika mtu mwingine. “Tia cha tatu.”

“Transfoma imekunywa maji.”

“Mzee, umeangalia kama imechomekwa ukutani?” aliuliza mcheshi mmoja, na mzee akamlaani kimoyomoyo.

Alibadilisha kapasita. Akataka kutia kidhibiti cha tatu. Ni katika kukitoa cha pili ndipo mambo yalipoharibika. Shaba ya ndani ya boksi, iliyokwishachomwa mara nyingi mno asubuhi ile, ilibanduka kama ganda la kidonda, ikang’oka na miguu yote mitatu. Aliitazama. Miaka minane boksi lile lilimhudumia, naye akalimaliza kwa saa tatu. Huwezi kulehemu mahali ambapo hapana shaba.

Mama aliingia na chupa nyingine za maji ya moto. Aliona uso wa mumewe, akaona na boksi lilivyolala kifudifudi, akaenda zake kubadilisha chupa. Mzee angependelea mkewe apige kelele.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Nesi, aliyekuwa ametoka zamu.

“Mzee wangu, usinikasirikie. Kidhibiti cha kwanza kumi na nne nukta nane. Cha pili hivyo hivyo. Vitu viwili tofauti vinaugua ugonjwa mmoja, kipimo kile kile mpaka kwenye nukta? Mimi wodini, wagonjwa wawili wakiwa na homa ile ile mpaka nukta, naangalia kipimajoto.” Kisha akaongeza, “Umeipima mita?”

Damu ilimpanda kichwani. Yeye kuulizwa hivyo, na maneno yake mwenyewe! Alianza kuandika jibu la kumtia mtu adabu, akafuta, akaanza tena, akafuta. Mwisho alipanda kwenye kiti, akaishusha saa ya ukutani ambayo mama aliitia betri mpya juzi tu, akaichomoa betri, akagusisha ncha.

Moja nukta tisa.

Hakuna betri ya namna hiyo duniani yenye volti moja nukta tisa. Alipima tena. Moja nukta tisa. Akaishika mita kwa mikono miwili, akaing’oa ile plasta kwenye pembe ya kioo. Chini yake, imetulia zake, ilikuwepo alama ndogo ya betri, ile ambayo kila mita huiwasha kumwambia mwenyewe kwamba betri ya ndani inakufa na namba zangu usiziamini tena. Ilikuwa ikimwambia tangu lini? Plasta aliibandika mwenyewe, ufa usimkere macho.

Kwanza alicheka. Alicheka kweli, kwa sababu alikumbuka jinsi alivyokuwa akilalamika siku hizi kwamba volti za umeme wa mtaani zimepanda, na jinsi alivyopima tochi mpya ya jirani akakisifu kiwanda kwa kutengeneza betri zenye nguvu. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Alikuwa amekumbuka kopo la kijani.

Alikaa. Alifanya hesabu ya kichwa, ya kinyumenyume, jinsi mafundi simu walivyozoea. Betri haifi siku moja, hufifia. Siku ile mita ilikuwa inaongeza kidogo, leo inaongeza zaidi. Kumi na tatu nukta tisa ya siku ile ilikuwa kumi na mbili. Kumi na mbili safi. Kijana alijifungia miezi sita kwenye stoo ya unga akaunda boksi lisilo na kosa hata moja, na yeye akalibandika karatasi.

“Mama watoto,” aliita. “Njoo.”

Akamweleza. Alimweleza yote, hakujipunguzia. Mama alisikiliza akiwa amesimama, chupa ya maji ya moto ameikumbatia kifuani.

“Kwa hiyo lile boksi la mkwe lilikuwa zima.”

“Zima.”

“Na hili lako?”

“Nalo lilikuwa zima. Mpaka nilipolitengeneza.”

Mama aliangalia dari. Mzee hakujua kama anazuia kilio au kicheko, na pengine yeye mwenyewe hakujua.

Simu ikalia tena. Kapasita. “Mzee, nina boksi la volti kumi na mbili hapa stoo, zima, jipya. Niko mitaa miwili tu. Dakika kumi na tano nimefika.”

Mzee alisoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alipumua. Dakika kumi na tano. Mayai yangepona. Jumapili ingefika, binti angekuja, vifaranga wangetoka, na hili la mita lingebaki kati ya chumba cha nyuma na Mungu. Angemtafutia mkwe maneno mazuri siku nyingine, taratibu, bila haraka. Alikwisha kuandika “Njoo” na kidole kilikuwa juu ya kitufe.

“Usimwite,” alisema mama.

“Mke wangu, mayai yanapoa.”

“Ni mayai yangu. Niliyaweka kwa ajili ya nani?” Aliiweka chupa chini. “Mpigie mkwe wako.”

“Yeye yuko mbali. Nusu saa, zaidi.”

“Niliyaweka ili aje. Basi aje. Mpigie.”

Mzee alilifuta lile neno. Alipiga moyo konde, akapiga na simu. Iliita mara tano, na kila ilipoita alitamani isipokelewe.

“Shikamoo baba,” ilisema sauti ya mwokaji, na nyuma yake zilisikika sinia za bati zikigongana.

“Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kazi?”

“Sijambo. Ndiyo tunamaliza. Kuna tatizo? Mama mzima?”

“Mama mzima. Mashine ya mayai imezimika. Nataka kukuuliza. Lile boksi lako la kijani, bado lipo, au ulilitupa?”

Sinia zilinyamaza. Yaelekea alikuwa ametoka nje.

“Lipo.”

“Niletee, tafadhali. Sasa hivi, kama unaweza.”

“Baba, lile ni bovu.”

“Si bovu.”

“Wewe mwenyewe ndiye uliyesema.”

“Ndiyo. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema.” Mzee aliitazama mita ya njano. “Mita yangu ilikuwa na betri mbovu. Boksi lako lilikuwa zima tangu siku ile. Mimi ndiye sikupima.”

Mzee akaitoa simu sikioni kuangalia kama imekatika.

“Nakuja,” alisema mwokaji.

Wakati wa kumngoja, mzee alikaa kwenye kiti chake akaandika. Aliona haya, lakini picha aliitupia kundini, na kundini ndipo msamaha ulipopaswa kuombwa. Aliandika hivi: “Mafundi wenzangu. Mita yangu imekuwa ikisema uongo kwa miezi mitatu au zaidi, na sikuipima hata mara moja, mimi niliyewafundisha kupima. Kila kifaa nilichosema ni kibovu tangu wakati huo, kipimeni upya. Nesi, ile mashine yako ya kupimia presha niliyosema imekufa, kama hujaitupa, usiitupe. Na lile boksi la kijani nililolipiga picha mkacheka, lilikuwa zima. Mlicheka kwa sababu yangu. Nisameheni, na aliyeliunda ndiye nitakayemwomba mwenyewe kwa mdomo.” Akabonyeza kabla ujasiri haujamtoka. Kisha Kapasita akaandika: “Hata mimi mita yangu sijawahi kuipima, mzee. Ngoja niitafute betri.”

Mwokaji alifika saa sita na nusu, unga bado uko kwenye nyusi. Hakuwa peke yake. Binti alikuwa nyuma yake, amembeba mtoto, amekunja uso kwa namna ambayo mzee aliijua vizuri kwa sababu ni uso wake mwenyewe. Mama alimkumbatia binti pale mlangoni na hakuna aliyesikia walichoambiana.

Kopo la kijani lilikuwa kwapani mwa mwokaji. Aliliweka mezani. Ile karatasi ilikuwa bado ipo juu yake, HATARI, USITUMIE, kwa mwandiko wa mzee, imechakaa kwenye kingo kwa kushikwashikwa. Na skrubu za kopo, mzee aliziona mara moja, maana jicho la fundi huenda huko lenyewe: vichwa vyake vilikuwa vimelika, jinsi skrubu zinavyolika zikifunguliwa na kufungwa mara nyingi.

“Umekuwa ukilifungua?” aliuliza.

“Kila Jumamosi, baba.”

“Kwa nini?”

Mwokaji alitazama mikono yake. “Nilikuwa natafuta kosa. Nilisema nikilipata nitalirekebisha, nikuletee tena. Nimetoa kila kitu nikarudisha. Sikuliona.”

“Na mita yako wewe ilikuwa inasema ngapi?”

“Kumi na mbili.”

“Siku zote?”

“Siku zote. Nikajua mita yangu ya bei rahisi ndiyo inadanganya. Maana yako ilisema kumi na tatu nukta tisa.”

Jumamosi kumi na mbili, na pengine kumi na tatu. Kijana wa watu alikaa kwenye stoo ya unga akitafuta kosa ambalo halikuwamo, akiwa na ukweli mkononi, akaukataa kwa sababu yeye alikuwa amesema vingine. Machozi yalimlengalenga, na hakugeuka kuyaficha.

“Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea mezani hapa, na nikakukosea mbele za watu.”

“Yamekwisha, baba.”

“Hayajaisha. Lakini nisamehe.”

“Nimekusamehe.” Mwokaji akatazama pembeni, akajifuta unga usoni, ukazidi kuenea. “Mayai yana muda gani?”

Wakafanya kazi. Waliisogeza mashine kutoka chumba cha pili mpaka kando ya meza, wakaunganisha boksi la kijani, feni ikazunguka, kitaa chekundu kikapepesa, rilei ikalia tik. Balbu giza. Mzee alishika tama. Nusu yake ilikuwa bado inaamini kwamba umeme ndio ulikuwa tatizo. Mwokaji aliinama, akatega sikio karibu na rilei, jinsi anavyotega sikio mlangoni mwa tanuri.

“Hii inalia, baba, ila haishiki. Mkate ukiugonga ukalia namna hii, kuna kitu katikati.”

Akakibandua kifuniko cha plastiki kwa ncha ya bisibisi. Wakachungulia wote wawili, vichwa vikagongana. Katikati ya vile vipande viwili vidogo vya shaba vinavyotakiwa kugusana ili balbu ziwake, alikuwa amelala sisimizi mmoja, amebanwa, amekauka. Alifuata joto, maskini, akafia kazini.

“Sisimizi,” alisema mzee. “Sisimizi mmoja. Na mimi nimevunja boksi zima!”

Mwokaji alianza kucheka, akajizuia, akamtazama mkwewe, na alipoona mzee naye mabega yanamtikisika, akaachia. Walicheka mpaka binti akaja mlangoni kuona kuna nini, na uso wake uliokunjwa ukalegea kidogo. Mzee alimfagia sisimizi kwa brashi laini. Tik. Balbu nne zikawaka zote kwa pamoja.

Mama aliondoa mablanketi. Alitoa yai moja, akaliweka sikioni, akafumba macho. Kisha akalitoa, akampa mjukuu wake alisikilize, naye mtoto akatoa macho.

“Linagonga, bibi!”

“Waambie wangoje mpaka Jumapili,” alisema mama.

Mzee alikuwa bado mezani. Aliishika ile karatasi kwa kucha, akaibandua taratibu kutoka kwenye kopo la kijani, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Kisha akaisukuma mita ya njano mpaka mwisho wa meza, akanyoosha mkono.

“Umekuja na mita yako?”

Mwokaji akaitoa mfukoni, kadude kepesi kekundu, na aliitoa kwa aibu kidogo. Mzee alichukua betri ya saa ya ukutani, akaigusisha ncha. Moja nukta tano tano. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Halafu akampa mwenyewe mita yake, akamwelekeza kwenye boksi.

“Pima. Unisomee, sina miwani.”

Miwani ilikuwa puani.

“Kumi na mbili nukta sifuri, baba.”

“Sikusikia vizuri.”

“Kumi na mbili nukta sifuri.”

“Soma tena, mwanangu,” alisema mzee, na akamsogezea kiti akae.